Trekta Lisilolijua Shamba

Kati ya TED-20 na TER-20 tofauti ni herufi moja. Yote mawili ni matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson, yote yametoka kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, na ukiyaweka bega kwa bega mtu mgeni atasema ni mapacha. Lakini la kwanza liliundwa livute plau, la pili liliundwa livute matela ya mizigo bandarini, viwandani na barabarani, wala waliolitengeneza hawakutarajia lione hata tuta moja la mahindi. Anayetaka kujua lipi ni lipi hana budi kupangusa vumbi kwenye kibati kidogo kilicho karibu na usukani, asome herufi ya tatu.

Lubumbashi ni mahali ambapo herufi hiyo ina uzito kuliko mahali pengi katika ukanda wetu. Ukikutana na trekta kuukuu Nakuru au Arusha, akili inakimbilia moja kwa moja kwenye ngano, kahawa au mkonge, na mara nyingi haikosei. Lakini huku kwetu, Katanga ya Juu, anayeanza na shamba anaweza kupotea tangu hatua ya kwanza. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikaufikia mji mpya wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, Septemba 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kando ya mto Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Shamba lilikuja nyuma, likichechemea. Wafanyakazi wa migodi walikula posho ya unga ambao kwa sehemu kubwa ulitoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, na hadi leo malori ya mahindi ya Zambia yakikwama mpakani Kasumbalesa, bei ya unga inapanda katika mitaa ya Lubumbashi ya Kenya, Katuba na Ruashi kabla jua halijatua.

Serikali ya kikoloni haikukosa hamu ya kilimo. Edmond Leplae, mkurugenzi wa kilimo wa Kongo ya Kibelgiji, alipigania kuleta wakulima wa Kibelgiji waishi karibu na Élisabethville tangu mwaka 1911. Mpango ukafifia mapema. Udongo mwekundu wa huku hausamehe, na mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe kabla hawajazoea nira. Pasipo ng'ombe wa kutosha wa kulima wala punda wa kuvuta, kitu kizito mara nyingi kilikuwa na njia mbili tu: migongo ya watu au mashine. Ndiyo maana mashine ya kuvuta ilitafutwa Katanga mapema, na ilitafutwa kwa ajili ya kuvuta, si kwa ajili ya kulima.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha mwaka 1915. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika, na wakaamua kupeleka huko boti mbili za injini zenye urefu wa mita kumi na mbili hivi, Mimi na Toutou. Mkuu wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini ambaye wenzake hawakumwamini sana, na wazo lenyewe lilitoka kwa mwindaji mmoja aitwaye John Lee. Boti zilipakiwa kwenye treni Cape Town, zikapita Élisabethville mwezi wa Julai, zikafika Fungurume mwanzoni mwa Agosti. Hapo reli iliishia. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba na kilomita zaidi ya mia mbili za pori hadi Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kingewafikisha Bukama na mto Lualaba.

Kazi hiyo zilipewa injini mbili za mvuke za barabarani, zikisaidiwa na ng'ombe na mamia ya wanaume wa huku waliokata njia, wakang'oa visiki na kujenga madaraja ya magogo zaidi ya mia. Kwenye miteremko mikali boti zilishushwa kwa kamba na puli, maana injini yenyewe ingeweza kukimbizwa na mzigo wake. Msafara uliondoka Fungurume katikati ya Agosti ukafika Sankisia mwisho wa Septemba, yaani ulikwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Kilichowachelewesha si milima tu. Injini ya mvuke inakunywa maji bila kukoma, na huo ulikuwa mwisho wa kiangazi, vijito vimekauka. Wanawake wa vijiji vya karibu ndio waliobeba maji kichwani kwa mitungi ili dubwana la chuma liendelee kutembea. Katika vitabu vya Waingereza habari hiyo hutajwa kama kichekesho cha njiani. Mimi naiona ndiyo habari yenyewe: jeshi la majini la mfalme lilivuka Katanga kwa maji ya mitungi. Siku ya pili ya Krismasi mwaka uleule Mimi na Toutou ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani, na historia rasmi ikaanzia hapo.

Injini hizo za mvuke zinatufundisha jambo litakalotufaa mbele. Watengenezaji wa Uingereza walikuwa wakitoa aina kadhaa zilizofanana kwa mbali. Kulikuwa na ya kulimia, iliyobeba pipa kubwa la kamba ya chuma chini ya tumbo: ilisimama ukingoni mwa shamba na kuvuta plau kwa kamba. Kulikuwa na ya shamba ya kawaida, ya kuzungushia mashine ya kupura nafaka, isiyo na springi. Na kulikuwa na ya barabarani, yenye springi, gia zaidi, na matangi ya ziada ya maji yaliyofichwa chini ya boila, kwa sababu barabarani hakuna kisima kila kona. Anayetazama picha ya zamani ya mashine ya aina hii asidanganyike na bomba la moshi na magurudumu makubwa. Atazame chini ya tumbo. Kazi ya mashine imeandikwa pale ambapo fundi alilazimika kuongeza au kupunguza chuma.

Enzi ya mvuke ilipita, na trekta la petroli likachukua mkondo uleule. Henry Ford alianza kuunda Fordson mwaka 1917. Lilikuwa trekta la bei nafuu, jepesi kwa nyakati zile, na mara moja watu wa viwanda wakaliona si trekta bali injini, gia na ekseli vilivyoungwa tayari, vinavyosubiri kupewa kazi. Kampuni ya Muir-Hill ya Manchester ilichukua uti huo wa Fordson ikatengeneza magari madogo ya kumwaga mchanga na mawe, na ikatengeneza pia vichwa vidogo vya treni vya kusukuma mabehewa kwenye yadi za viwanda. Fordson nyingine zilivishwa tairi ngumu za mpira mtupu zisizojazwa upepo, zikapewa kazi ya kuvuta matela juu ya sakafu za saruji. Tairi kama hiyo shambani haina maana yoyote, itateleza kwenye tope kama sabuni. Ukiikuta, umekuta cheti cha kuzaliwa.

Wamarekani walikuwa nadhifu zaidi katika kutoa majina. International Harvester iliyapa matrekta yake ya shamba herufi W, yale ya bustani za miti ya matunda O, na ya viwandani I, kwa hiyo W-4 na I-4 ni ndugu wa damu waliopelekwa shule tofauti. John Deere nao walikuwa na D ya shamba na DI ya kiwandani, B na BI. Hizo BI zilitengenezwa kati ya mwaka 1936 na 1941, na zote pamoja hazikufika mia mbili, ndiyo maana mtu anayeikuta leo hulala vibaya kwa furaha. Wakati wa vita kuu ya pili Ford ilichukua trekta lake la 9N, ikaliondolea karibu kila kitu cha shamba, ikalifunika mabati mazito na kuliuzia jeshi la majini la Marekani kwa jina Moto-Tug, la kuvutia ndege viwanjani. Lenye nguvu zaidi kati ya hayo lilikuwa na tairi mbili mbili nyuma. Mtu aliyezoea 9N ya shamba angepita kando yake bila kulitambua.

Trekta hilo la 9N lina uhusiano na herufi tulizoanza nazo. Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini mwenye kichwa kigumu, ndiye aliyebuni mikono mitatu ya nyuma inayoinua plau kwa haidroliki na kuifanya iwe sehemu ya trekta badala ya mzigo unaoburutwa. Kwanza alishirikiana na David Brown wa Huddersfield, wakatengeneza trekta lao la kwanza mwaka 1936, wakagombana. David Brown akaenda njia yake, na wakati wa vita akaliundia jeshi la anga la Uingereza trekta la kuvutia ndege lililoitwa VIG, kutokana na VAK yake ya shamba. Ferguson akavuka bahari, akapeana mkono na Henry Ford mwaka 1938, hapakuwa na karatasi, na mwaka uliofuata 9N ikazaliwa. Babu Ford alipoondoka, mjukuu wake hakuutambua mkono uliopeanwa. Kesi ikaenda mahakamani mwaka 1948, Ferguson akidai dola milioni 251, ikamalizwa mwaka 1952 kwa milioni 9.25. Wakati mawakili wanakula, Ferguson alikuwa tayari amerudi Uingereza na kuingia mkataba na Standard Motor Company. Mwaka 1946 kiwanda cha Banner Lane, kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege za vita, kikaanza kutoa TE-20.

Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka matrekta 517,651. Namba ni moja mfululizo kwa yote, kwa hiyo namba inakupa mwaka, na herufi inakupa kazi. Herufi mbili za mwanzo zinasema lilitengenezwa Uingereza, 20 ni nguvu yake kwa makadirio. Yote yaliyobaki yamo katika herufi ya tatu. A ni petroli. D ni mafuta mazito ya trekta, ambayo injini huwashwa kwa petroli kwanza, ikishapata moto ndipo inageuziwa. H ni mafuta ya taa, toleo lililofikiria nchi ambazo petroli ilikuwa adimu au ghali. F ni dizeli, iliyoingia mwaka 1951. K, L na M ni membamba ya kupita kati ya mistari ya mizabibu. Halafu mwishoni kabisa mwa orodha, kama watoto wa mke wa mwisho, wanakuja wale wa viwandani: P kwa petroli, R kwa mafuta ya trekta, S kwa mafuta ya taa, T kwa dizeli.

TES-20, trekta la kiwandani linalotumia mafuta ya taa! Mhandisi wa Coventry alipochora kitu hicho hakuwa akiwaza Coventry. Alikuwa akiwaza mahali penye kazi nzito, mbali na bahari, ambapo kila pipa la petroli limesafiri wiki kadhaa kwa reli. Sisemi alikuwa akiwaza Katanga, lakini angeitembelea asingeshangaa.

Je, toleo la kiwandani lilitofautianaje mwilini? Trekta la shamba lina breki ya kila gurudumu la nyuma peke yake, ili dereva afikapo mwisho wa mfereji akanyage upande mmoja na kugeuka papo hapo. Barabarani, pamoja na tela la tani kadhaa nyuma, breki ya upande mmoja ni njia ya haraka ya kuingia mtaroni. Kwa hiyo la viwandani lilihitaji breki zinazoshika pamoja na breki ya mkono ya kuegeshea. Shambani mafuta hurekebishwa kwa mkono, yakaachwa hapo, na kidhibiti mwendo kinaitunza injini izunguke sawasawa kutwa nzima. Kwenye yadi yenye watu na mabehewa unataka kanyagio la mafuta la mguuni, kama la gari. Ongeza madigadi mapana hata kwenye magurudumu ya mbele, taa na honi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomsaidia mtu anayelima, na ndiyo sababu vinatambulisha.

Rangi sikuitaja kama dalili, na nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu watu wengi huanza nayo. Akiona njano anasema, hili ni la barabara. Akiona nyekundu anasema, hili ni Massey la shamba. Njano ina historia yake: Caterpillar walikuwa wakipaka kijivu hadi Desemba 1931, walipoamua kwamba mashine za barabarani zionekane kwa mbali, na wengine wakaiga. Massey Ferguson nao wakapaka njano matrekta yao ya viwandani. Lakini rangi ni nguo. Katika mji wa migodi kila kitu kinachotembea kinapakwa upya na kila mwenye mali mpya, na kila mwenye mali mpya hapa alikuwa na rangi zake: Union Minière, kisha Gécomin baada ya kutaifishwa Januari 1967, kisha Gécamines, kisha wakandarasi. Mimi rangi naitazama mwishoni, na hata hapo naikwangua kwa kisu nione iliyo chini.

Kuna kisa kimoja cha Tanganyika ambacho kila mpenzi wa mashine anapaswa kukijua, maana kinaonyesha jinsi mashine inavyoweza kubadilishwa kazi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, ikitaka mafuta ya kula kwa watu waliochoka na mgawo wa vita. Mashine zilikosekana. Matrekta na makatapila yalinunuliwa kutoka akiba za jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakafika yakiwa maiti. Ndipo kampuni ya Vickers-Armstrongs ilipochukua vifaru vya Sherman, ikavivua mnara na deraya, ikavipa jina Shervick na kuvipeleka kung'oa vichaka vya Ugogo. Udongo wa Kongwa wenye mchanga mkali ulizila bleda na minyororo kwa kasi ambayo hakuna aliyeikadiria, na Januari 1951 serikali ikautangaza mradi umekufa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezikwa kule. Hapa kifaru kilifanywa trekta. Katanga ilifanya kinyume chake.

Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alitangaza Katanga imejitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Jeshi lake lilikuwa na askari wa kukodi, bunduki za Kibelgiji na ndege chache, lakini halikuwa na magari ya deraya ya kutosha. Kilichokuwepo ni karakana za Élisabethville, miongoni mwa zilizo bora kusini mwa Sahara, zenye mafundi wa kulehemu waliozoea sahani nene za chuma kila siku. Malori yakavikwa mabati ya chuma na kutobolewa matundu ya bunduki, na Umoja wa Mataifa ukailaumu Union Minière waziwazi kwamba karakana zake zinatengeneza magari ya vita na mabomu. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Deraya zikavuliwa, na chuma kikarudi kazini. Hii ndiyo sababu mashine ya Lubumbashi iliyopita miaka ile inastahili kutazamwa mara mbili. Mstari wa kulehemu usioelezeka kwenye fremu, safu ya matundu ya bolti yasiyoshika kitu, kipande cha chuma kinene mahali ambapo kiwanda kingeweka bati: usikimbilie kusema ni toleo adimu la kiwandani. Huenda kiwanda chenyewe kilikuwa umbali wa mwendo wa baiskeli tu.

Sijui mji mwingine ambako kazi ya kutambua mashine ni ngumu hivi, na vita si sababu kubwa kuliko zote. Sababu kubwa ni miaka ya njaa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, siasa ikaporomoka pamoja nao, na kufika mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika tani 50,000. Mishahara ilikoma kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi waliondolewa katika mpango uliolipiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, wakapewa mkupuo mmoja na kuambiwa wameondoka kwa hiari. Katika muda wote huo mji uliishi kwa kifungu cha kumi na tano, ile sheria isiyoandikwa ambayo kila Mkongo anaijua: jitafutie. Mitraye, yaani vyuma chakavu, ikawa biashara yenye mabwana wake na njia zake hadi Zambia na zaidi. Mashine iliyosimama wiki mbili ilikuwa hatarini. Na mashine iliyoendelea kutembea ilitembea kwa sababu fundi fulani aliipa moyo wa mwenzake: injini ya Perkins ndani ya mwili wa Ferguson, ekseli ya lori chini ya Fordson, tangi lililochongwa kwenye pipa.

Muulize fundi kama huyo, atakuambia kwa upole, "Papa, hii ni Massey tu." Hasemi uongo. Kwake jina la mashine ni jina la spea anazoweza kuzipata sokoni. Ikiwa pampu yake ya dizeli inapatikana kwa jina la Massey, basi ni Massey, hata kama fremu iliondoka Coventry kabla kampuni ya Massey Ferguson haijapata jina hilo. Ni njia ya kutambua yenye akili zake. Ila haijibu swali letu.

Mahali pa kuanzia basi si injini, kwa sababu injini ndiyo inayobadilishwa kwanza. TE-20 za awali zilikuja na injini ya Continental ya Marekani, baadaye Standard wakaweka yao, ya ukoo mmoja na ile waliyoitia kwenye magari madogo ya mbio ya Triumph, lakini katika Lubumbashi hilo linakuambia tu fundi alipata nini siku ile. Namba ya injini iandikwe, namba ya kibati iandikwe, zikipishana usishtuke, kibati ndicho chenye neno juu ya mwili. Kibati kikikosekana, na mara nyingi kinakosekana, anza na vile ambavyo hakuna mtu angehangaika kuvibadili kwa sababu havina faida. Tazama tangi: lenye vyumba viwili, kidogo cha petroli ya kuwashia na kikubwa cha mafuta mazito, linabaki hivyo hata injini ikiwa imegeuzwa dizeli miaka thelathini iliyopita. Tazama kwenye sakafu ya miguu penye kitundu au kishikizo cha kanyagio la mafuta ambalo halipo tena. Tazama fito za breki, kama kuna mhimili unaoziunganisha kushoto na kulia. Tazama vituo vya kufungia madigadi ya mbele, vipande vidogo vya chuma kandokando ya ekseli ambavyo vinaonekana kama havina kazi. Havina, sasa.

Kisha tazama uchakavu. Trekta la shamba linakwisha kwenye mikono ya kuinulia na kwenye shafti ya nyuma inayozungusha vifaa, na upande mmoja unakwisha zaidi, kwa sababu wakati wa kulima gurudumu moja hutembea ndani ya mfereji na trekta linalala upande. La kiwandani linakwisha kwenye ndoano ya kuvutia na kwenye klachi, maana kutwa linaanza na kusimama, linaanza na kusimama, na mikono yake ya nyuma, kama iliwahi kuwekwa, inaweza kuwa na pini za kiwandani zisizolika. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu hakuna mpaka rangi wala mfanyabiashara anayeweza kuighushi.

Tahadhari moja ya mwisho kwa wanaotembelea mashamba ya pembezoni, njia ya Kipushi au ya Likasi. Gécamines yenyewe, ilipobanwa na unga wa kuagiza, ilianzisha tawi lake la kilimo, na watu binafsi waliopata ardhi walinunua walichokikuta. Kwa hiyo trekta lililozaliwa la yadi linaweza leo kuwa na mikono mitatu ya nyuma, iliyofungwa baadaye, na plau ya diski nyuma yake, na mwenye nalo akaapa kwamba lilikuwa la mkulima Mbelgiji. Inama uangalie bolti zinazoshika mikono hiyo. Bolti za Coventry za miaka ile zilikatwa kwa vipimo vya inchi. Spana ya milimita ikizikaa barabara, mikono hiyo haikutoka Coventry pamoja na trekta.